Ugomvi Mmoja Mkubwa au Magomvi Mengi Madogo: Zanzibar na Kura Zake

(Maneno haya niliyasema Unguja mbele ya wanafunzi wa sosholojia na wazee walioalikwa. Nimeyaandika upya na kupunguza marudio. Maswali mawili ya mwisho nimeyaacha yalivyoulizwa.)

Asalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojaa mpaka mlangoni, hamjambo.

Nimetakiwa nizungumzie migogoro ya kisiasa na ushiriki wa wananchi katika demokrasia. Mada pana kiasi hicho humruhusu mzungumzaji azunguke dunia nzima na arudi bila ya kusema kitu. Mimi sitakwenda mbali. Nitabaki hapa hapa visiwani, kwa sababu kwa bahati mbaya tunacho kila kitu ambacho mtu wa fani yetu angekitafuta.

Nianze na tarakimu zinazowatatiza wageni. Vitabu vingi vinatufundisha kwamba demokrasia hudhoofika watu wasipojitokeza kupiga kura. Sasa tazameni Zanzibar. Katika chaguzi mbili za mwaka 1961 na ule wa 1963, waliojitokeza walizidi asilimia 90 ya walioandikishwa. Wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza Januari 1961, na walipanga foleni tangu alfajiri kama wanaume. Kwa kipimo cha vitabu, hapa palikuwa na afya tele. Lakini uchaguzi wa Juni 1961 ulifuatwa na ghasia zilizoua watu 68, na mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa tarehe 10 Disemba 1963, serikali iliyotokana na kura ilipinduliwa. Ushiriki mkubwa na damu vilikwenda pamoja.

Kwa hiyo kuhesabu vichwa kwenye foleni hakutoshi. Inabidi tuulize watu hao wanashiriki katika ugomvi wa aina gani.

Lewis Coser, mwanasosholojia wa Marekani aliyezaliwa Ujerumani, aliandika mwaka 1956, akijenga juu ya mawazo ya Georg Simmel, kwamba ugomvi wenyewe si maradhi. Jamii yenye magomvi mengi yanayopishana huwa imeshonwa na magomvi hayo hayo. Leo mimi na wewe tunavutana juu ya kodi ya kiwanja. Kesho tunasimama upande mmoja dhidi ya bei ya karafuu. Keshokutwa mwanangu na wako wamo timu moja ya mpira. Siwezi kukuchukia moja kwa moja, kwa sababu nitakuhitaji. Hatari huja pale mistari yote inapolaliana, aliye kinyume nami kwa chama akawa ndiye huyo huyo aliye kinyume nami kwa kisiwa, kwa nasaba, kwa kazi, kwa duka ninalonunua na kwa msikiti ninaosali. Hapo hakuna uzi unaovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Hoja yangu ya leo ni hiyo tu, na najua baadhi yenu hamtaipenda. Tunapenda kusema kwamba siasa imetugawa, basi tupunguze mabishano. Mimi naona mabishano yetu yalikuwa machache mno. Yalikusanywa yote yakafanywa ugomvi mmoja.

Kabla ya vyama, watu wa visiwa hivi waligombana sana, na kwa mambo ya maana. Mwaka 1928 wapangaji wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, waligoma kulipa kodi ya viwanja. Wapangaji walikuwa watu wa kila asili, na kilichowaunganisha kilikuwa ardhi iliyo chini ya nyumba zao. Mwaka 1948 wachukuzi wa bandarini waligoma, na mgomo ukaenea mjini mpaka shughuli zikasimama. Mwaka 1951 wakulima wa Kiembe Samaki walikataa ng'ombe wao kuchanjwa kwa lazima, huku wakiwa tayari na donda la ardhi yao kuchukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Wakakamatwa, wenzao wakaenda kuwatoa, polisi wakafyatua risasi. Wazee huiita Vita vya Ng'ombe. Hakuna hata mmoja kati ya magomvi hayo unaoweza kuuelezea kwa kusema hawa ni wa kabila hili na wale ni wa kabila lile. Mpangaji alimkabili mwenye ardhi, mchukuzi alimkabili mwajiri, mkulima aliikabili serikali ya Mwingereza.

Halafu vikaja vyama. Chama cha Zanzibar Nationalist Party, Hizbu kwa jina la mitaani, kilitokana kwa sehemu na hao hao wakulima wa Kiembe Samaki, mwaka 1955. Afro-Shirazi ikaundwa Februari 1957. Uchaguzi wa kwanza ulifanywa Julai 1957, na Hizbu haikupata kiti. Ng'ambo, Abeid Karume alimshinda Ali Muhsin. Hilo lilikuwa pigo la kawaida la kisiasa. Lisilokuwa la kawaida ni yaliyofuata mashamba na mitaani. Wenye mashamba walianza kuwafukuza wakaazi waliokuwa wakilima chini ya mikarafuu yao, na waliofukuzwa wakajua wamefukuzwa kwa kura zao. Wakajibu kwa kususia maduka. Waliosusiwa wakasusia na wao. Bandarini, vyama vya wafanyakazi vikagawika kwa mstari wa Hizbu na Afro-Shirazi. Gari za abiria zikawa na vyama. Ikafika watu wa mtaa mmoja kutozikana.

Kipindi hicho wazee hukiita zama za siasa, na nyote mmewasikia wakikitaja kwa sauti ya kushuka. Mimi nakitazama kama kazi ya kushonoa. Mpangaji, mchukuzi, mkulima, mcheza mpira, mwanamke wa chama cha ngoma: kila mmoja alikuwa na nafasi ya kugombana na kupatana kwa sababu yake. Nafasi hizo zilichukuliwa moja baada ya moja zikatiwa ndani ya chama. Kura ikageuka sensa. Mtu hakwenda kituoni kuchagua kitu. Alikwenda kuhesabiwa yeye ni wa upande gani, na ndiyo maana hakubaki mtu nyumbani.

Mfumo wa majimbo wa Mwingereza ukaongeza chumvi kwenye donda. Januari 1961 viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi ilipata 10, Hizbu 9, na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) ya Muhammed Shamte, iliyokuwa imejitenga na Afro-Shirazi, ikapata 3. Watatu hao wakagawika, wawili wakaenda huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11. Kiti cha Chake Chake kilikuwa kimeamuliwa kwa kura moja. Fikirini maana yake kwa mtu wa kawaida: jirani yako mmoja, asiyependa siasa, aliyechelewa kituoni kwa sababu ya mtoto mgonjwa, ndiye aliyekukosesha nchi. Ikaongezwa jimbo moja, ukarudiwa uchaguzi mwezi Juni. Mwaka 1963 Afro-Shirazi ilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote na viti 13 kati ya 31. Unaweza kueleza hayo kwa hesabu safi kabisa ya majimbo, kura zimerundikana huku na kutawanyika kule. Lakini hakuna aliyewahi kutulizwa na hesabu safi.

Miaka ya chama kimoja nitaipita. Niseme tu kwamba ugomvi uliopigwa marufuku hauishi. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, ramani ya zamani ilikuwepo chini ya mchanga, tena kamili. Oktoba 1995, Dk. Salmin Amour wa CCM, chama kilichoirithi Afro-Shirazi, alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani cha CUF akiwa na 49.8. CUF ilichukua viti vyote vya Pemba, bila ya kubaki kimoja.

Yakarudi yale yale. Pemba kulikuwa na vijiji ambavyo mtu wa chama hiki hakupanda gari ya mtu wa chama kile, hakununua kwake samaki, na hakuhudhuria harusi yake. Nikisoma habari hizo sambamba na za 1958, mara nyengine hulazimika kutazama juu ya ukurasa kujua nimo mwaka gani. Zikaja maskani. Awali maskani ni mahala pa vijana kukaa na kupiga soga, na barza ni taasisi yetu bora kuliko zote za mijadala. Sasa kila maskani ikapigwa rangi na ubao, na ubao ukaandikwa matusi ya siku. Hata soga likapewa kadi ya chama.

Januari 2001 mnaijua. Tarehe 26 na 27, maandamano ya kutaka katiba mpya na uchaguzi wa marudio yalikutana na risasi, Pemba na Unguja. Tume ya serikali iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu waliokufa 31. Human Rights Watch wakasema wasiopungua 35. Watu wapatao elfu mbili wakavuka bahari kwa ngalawa na mashua hadi Shimoni, Kenya. Tanzania, iliyozoea kupokea wakimbizi wa wengine, ikatoa wa kwake.

Wenye nia njema wakafanya kinachofanywa siku zote, wakawaweka wakubwa mezani. Muafaka wa kwanza ulisainiwa 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola, wa pili tarehe 10 Oktoba 2001. Yote miwili ilikuwa na vipengele vizuri, na yote miwili ilikuwa mapatano ya makatibu wa vyama. Mwananchi alishiriki kwa kusikiliza redio. Mazungumzo ya tatu yalikwama Machi 2008, baada ya kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM kule Butiama kutaka jambo la serikali ya pamoja lipelekwe kwanza kwenye kura ya maoni. Wakati ule wengi walisema hiyo ni hila ya kuchelewesha, na huenda ilikuwa hivyo. Lakini tazameni hila hiyo ilizaa nini.

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya hapa Zanzibar, bila ya msuluhishi wa kigeni. Ikaundwa kamati ndogo ya watu sita, watatu kila upande, chini ya Mzee Hassan Nassor Moyo, mtu aliyetokea kwenye vyama vya wafanyakazi kabla ya Mapinduzi. Baraza la Wawakilishi likapitisha hoja, na tarehe 31 Julai 2010 tukaulizwa: mnataka serikali ya umoja wa kitaifa au hamtaki? Asilimia 66.4 walisema wanataka.

Hapa naomba tutulie. Visiwa vilivyokuwa vimegawika nusu kwa nusu tangu 1961 vilitoa theluthi mbili. Nusu kwa nusu haiwezi kuzaa theluthi mbili mpaka watu wavuke. Kwa mara ya kwanza tangu zama za siasa liliwekwa mbele ya wapiga kura suali ambalo jibu lake halikuwa limeandikwa kwenye kadi ya chama. Palikuwa na wana-CCM wa Ndio na wana-CCM wa Hapana, wakabishana ndani ya nyumba moja, na Ndio wa CCM akajikuta ana mwenzake CUF. Nawaheshimu pia waliosema Hapana, theluthi nzima ya waliopiga kura. Walikuwa na hoja: serikali isiyo na upinzani ataihoji nani? Nitarudi kwao, maana walikuwa na haki zaidi kuliko tulivyowapa.

Miezi mitatu baadaye Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1. Pengo lile lile jembamba la 1995. Safari hii aliyeshindwa alikubali matokeo, wakapeana mikono, na watu wakalala. Kilichobadilika ni kwamba kushindwa hakukumaanisha tena kukosa kila kitu. Marekebisho ya kumi ya Katiba yalimpa chama cha pili Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri kwa uwiano wa viti vya Baraza.

Mngetaka niishie hapo. Wageni wengi waliokuja kutusifu waliishia hapo.

Wale wa Hapana walikuwa wameuliza atakayehoji ni nani. Jibu lilikuja baada ya mwaka mmoja na kidogo. CUF ikiwa serikalini, malalamiko juu ya Muungano, ajira na maisha yalitafuta mlango mwengine, yakaupata kwenye mihadhara ya Uamsho, jumuiya ya masheikh wa Kiislamu. Mwaka 2012 viwanja vilijaa kuliko mikutano ya vyama. Mei pakawa na ghasia na makanisa yakachomwa. Oktoba viongozi wa Uamsho wakakamatwa. Baadaye wakapelekwa Bara na kushtakiwa kwa ugaidi, wakaachiwa Juni 2021. Kesi hiyo ina mambo mengi nisiyoyagusa leo. Kwa fani yetu inatosha kuona kwamba ukiwaweka wagomvi wote wakubwa chini ya paa moja, ugomvi hauingii nao ndani. Unabaki nje na kutafuta kiongozi.

La pili ndilo linalonisikitisha zaidi. Kura ya maoni ilizaa watu wa katikati, wenye mguu mmoja kila upande, na wao ndio uzi niliokuwa nikiusema. Wamefanywa nini? Mansoor Yusuf Himid, mjumbe wa kamati ile ya maridhiano kutoka CCM, alifukuzwa chamani mwaka 2013 kwa msimamo wake juu ya mfumo wa Muungano, akapoteza kiti chake. Kiti hicho kilikuwa cha Kiembesamaki, pale pale pa Vita vya Ng'ombe. Historia ina ucheshi wake. Mzee Moyo naye akavuliwa uanachama Aprili 2015, akiwa mzee wa miaka zaidi ya themanini. Miezi sita baadaye, tarehe 28 Oktoba 2015, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi alifuta uchaguzi mzima kura zikiwa zinaendelea kujumlishwa. CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, Dk. Shein akapata asilimia 91.4, na kwa kuwa hakuna chama chengine kilichofika asilimia kumi, nafasi ya Makamu wa Kwanza ikabaki tupu. Wengi huanza hadithi hii kwenye kufutwa uchaguzi. Kwangu ilianza pale waliovuka mstari walipoadhibiwa, na sheria za vyama vyetu zinaruhusu adhabu hiyo mpaka leo: mwakilishi akivuliwa uanachama, jimbo lake halina kauli.

Sasa niteremke kidogo kutoka kwa marais. Ushiriki una mlango, na mlango una mtu anayeushika. Kwetu mtu huyo ni sheha. Huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, hachaguliwi na wakaazi. Yeye ndiye anayejua nani mkaazi wa shehia na nani si mkaazi, na bila ya barua yake ni vigumu kupata kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kilichoanzishwa kwa sheria ya 2005, ambacho bila yake huandikishwi kupiga kura. Katikati ya mwaka 2009, uandikishaji ulipofika Ole na majimbo jirani ya Pemba, watu walikataliwa kwa kukosa kitambulisho, wakazuia vituo, na zoezi likasimamishwa. Mnaosoma nadharia za migogoro mkumbuke kwamba ghasia zile hazikuhusu itikadi hata kidogo. Zilihusu karatasi, na aliyekuwa akiitoa. Ninaamini Ole iliwaogopesha wakubwa, na kwamba ina sehemu yake katika mkutano wa Novemba ule, ingawa wanaoandika historia ya maridhiano hupenda zaidi picha za Ikulu.

Sheha akichaguliwa na shehia yake, kwa mambo ya maji, taka, mipaka ya viwanja na fukwe za hoteli, watu watagombana naye kila wiki. Watamwangusha wa chama chao wenyewe. Nalitaka hilo. Wanawake wa mwani wa Paje na Jambiani wanabishana na wanunuzi juu ya bei ya kilo bila ya kuulizana kadi, na wakulima wa karafuu wana hesabu zao na shirika la serikali linalonunua peke yake. Magomvi hayo yapo. Hayana pahala rasmi pa kufanyiwa, kwa hiyo kila baada ya miaka mitano huvaa nguo za chama na kwenda kupiga kura.

Baada ya hapo nilikaa. Mzee mmoja wa safu ya mbele aliniuliza mbona nimekimbia 2020. Nilimjibu hivi. Dk. Hussein Mwinyi alitangazwa kwa asilimia 76 na Maalim Seif, aliyekuwa ameshahamia ACT-Wazalendo, kwa chini kidogo ya 20. Chama chake hakikuyakubali matokeo, na bado Disemba aliingia serikalini kama Makamu wa Kwanza. Alifariki tarehe 17 Februari 2021 na nafasi yake ikachukuliwa na Othman Masoud Othman. Wapo waliomlaumu Maalim Seif kwa kuingia. Mimi naona aliheshimu kura ya maoni ya 2010 kuliko alivyoyaamini matokeo ya 2020, na mtu anaweza kufanya hivyo bila ya kujipinga.

Msichana mmoja wa mwaka wa pili akauliza aanze vipi utafiti wake shehiani, maana akitaja siasa tu watu hunyamaza. Nilimwambia asiulize mtu ni wa chama gani. Wataishia kumpa jibu la mkutano wa hadhara. Aulize kamati ya skuli ina akina nani na mara ya mwisho waligombana kwa jambo gani. Aulize mazishi ya karibuni nani alichimba kaburi, na nani hakuja. Aulize pampu ya maji ikiharibika nani anachangisha, nani anatoa, na nani anasema hatoi mpaka aone hesabu. Kisha achukue daftari lake, aandike majina ya waliogombana kwenye kila jambo, na atazame kama ni wale wale wawili kila ukurasa.